Emmy Noether: Alifunza miaka 15 bila mshahara, hesabu yake sasa yanasa siri ya chembe

UKIABIRI matatu Embu mjini asubuhi kuelekea Meru, Mlima Kenya utakuwa mkono wako wa kushoto safari nzima, mawingu yakikubali. Uangalie ukiwa Runyenjes. Uangalie tena ukipita Chuka, halafu Chogoria, halafu Nkubu. Ni mlima ule ule mmoja lakini kila mahali una sura yake: huku kilele kimoja kimejificha nyuma ya kingine, kule vimeachana. Mtu akitaka kuuchora wote, sharti auzunguke wote.

Sasa fikiria sufuria ya chai iliyo jikoni, hizi zetu zisizo na mikono. Izunguke utakavyo, utaona kitu kile kile. Anayetaka kuichora ataiangalia upande mmoja tu na kazi imekwisha. Sufuria ina ulinganifu, au simetria kama wanavyosema wengine. Mlima hauna.

Tofauti hiyo inaonekana ya kitoto, si ndiyo? Lakini kuna mwanamke aliyeishi nayo maisha yake yote, akaichimba hadi akatoa mojawapo ya kanuni kubwa kabisa za fizikia. Na leo, miaka 90 hivi baada ya yeye kufa, wanaochunguza chembe za kwanta wanatumia hesabu za aina yake kupunguza vipimo elfu hamsini na tisa hadi sitini na sita. Hizo tarakimu tutazifikia. Kwanza mwenyewe.

Jina lake ni Emmy Noether. Alizaliwa Machi 23, 1882 katika mji wa Erlangen, kusini mwa Ujerumani, kwenye familia ya Kiyahudi. Baba yake, Max Noether, alikuwa profesa wa hesabu katika chuo kikuu cha mji huo. Emmy alikuwa kifungua mimba, na nyuma yake wakafuata ndugu watatu wa kiume.

Utotoni hakuonyesha maajabu yoyote. Alifunzwa kupika na kutunza nyumba kama wasichana wengine wa enzi hiyo, akapigapiga piano, akapenda sana kucheza densi. Mnamo 1900 alifanya mtihani wa serikali wa walimu wa Kiingereza na Kifaransa katika shule za wasichana, akaupita vizuri. Kwa lugha ya kwetu ni kama alikuwa ashapata namba yake ya TSC, kilichobaki ni kungoja kupangiwa shule.

Hapo ndipo alipogeuza usukani. Badala ya kwenda kufunza Kifaransa, aliamua kusoma hesabu katika chuo cha baba yake. Shida ni kwamba wanawake hawakuruhusiwa kusajiliwa. Walichoruhusiwa ni kukaa nyuma ya darasa na kusikiliza, tena baada ya kumwomba kila profesa ruhusa, mmoja baada ya mwingine. Chuo kilikuwa na wanafunzi 986, na wanawake waliokuwa wakisikiliza hivyo walikuwa wawili tu.

Akasikiliza. Mwaka wa 1903 akafanya mtihani wa kumaliza masomo mjini Nuremberg, akapita. Akaenda Göttingen kwa muhula mmoja, na 1904, sheria zilipolegezwa, akarudi Erlangen kusajiliwa kama mwanafunzi kamili. Desemba 1907 alihitimu uzamifu chini ya Profesa Paul Gordan.

Tasnifu yake ilikuwa orodha. Kwa aina moja ya milinganyo ya aljebra, alitafuta vitu vyote ambavyo havibadiliki hata ukiigeuza milinganyo hiyo namna gani, akaviandika vyote. Vilikuwa 331. Hebu fikiria kuyafanya hayo kwa mkono, bila kompyuta wala kikokotoo. Baadaye maishani aliidharau kazi hiyo waziwazi, akaiona kama takataka za kukokotoa tu. Mimi naona alijionea. Ndani ya orodha ile kulikuwa na swali alilolifuata hadi kaburini: unapogeuza kila kitu, ni nini kinachobaki vile vile?

Kuanzia 1908 hadi 1915 alifunza chuoni Erlangen bila cheo na bila mshahara. Wakati mwingine alisimama darasani badala ya baba yake, ambaye afya yake ilikuwa imezorota. Mwalimu wa BOM kule Tigania au Mbeere, hata akilipwa kwa kuchelewa, angalau ana kitu cha kudai. Huyu hakuwa na cha kudai. Aliishi kwa mfuko wa familia.

Mnamo 1915 David Hilbert na Felix Klein, vigogo wawili wa hesabu duniani wakati huo, walimwita Göttingen. Walikuwa na tatizo. Albert Einstein alikuwa akikamilisha nadharia yake ya uvutano, na ndani yake suala la nishati lilikuwa halieleweki. Kila mwanafunzi wa fizikia anajua kwamba nishati haizaliwi wala haifi, inabadilisha sura tu. Katika hesabu mpya za Einstein, kanuni hiyo ilikuwa inateleza mikononi. Walihitaji mtu anayejua kutafuta vitu visivyobadilika, na mtu huyo walimjua.

Kumpa kazi, hata hivyo, kulikuwa mlima mwingine. Maprofesa wa historia na lugha katika kitivo chao walikataa katakata mwanamke apewe idhini ya kufundisha. Wewe kijana wa Meru, ukitaka picha ya kikao kile, waze baraza la wazee wanaume watupu lililoketi tangu enzi za mababu, halafu mtu aje kupendekeza msichana akae kigoda cha mbele. Hoja mojawapo ilikuwa wanajeshi wanaopigana vitani: wakirudi na kukuta wanafundishwa na mwanamke, watajisikiaje? Inasimuliwa kuwa Hilbert aliwajibu kwa kuwakumbusha kwamba pale ni chuo kikuu, si mahali pa kuogea ambapo wanaume na wanawake hutenganishwa.

Hakusikilizwa. Ikabidi watumie ujanja. Masomo yalitangazwa kwa jina la Hilbert, na anayeingia darasani kufunza akawa Noether. Mshahara, tena, hakuna. Na wiki chache baada ya kufika Göttingen, mama yake akafariki ghafla.

Katika hali hiyo ndipo alipoandika karatasi iliyomfanya asisahaulike. Ilisomwa Julai 1918 mbele ya jumuiya ya wanasayansi ya Göttingen. Hakuisoma yeye, kwa kuwa hakuwa mwanachama. Ilisomwa na Klein.

Karatasi ile inasema nini? Twende Mbeere, kwenye mabwawa ya mto Tana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Maji yanaanguka, mitambo inazunguka, umeme unatoka. Gitaru peke yake inaweza kutoa megawati 225. Sasa tuseme uvutano wa dunia ungekuwa unapungua kila usiku na kuongezeka kila mchana. KenGen ingesukuma maji juu usiku kwa nguvu kidogo, mchana iyaachie yaanguke kwa nguvu nyingi. Umeme wa bure kila siku, milele. Hakuna anayeweza kufanya hivyo, na sababu ni kwamba sheria za maumbile za jana usiku ndizo za leo mchana.

Yaani nishati haiongezeki wala haipungui kwa sababu sheria za maumbile zina ulinganifu wa wakati. Ukizisogeza kutoka leo hadi kesho, hazibadiliki, kama sufuria unayoizunguka. Noether alithibitisha kwamba hilo si la nishati pekee. Kila ulinganifu unaoweza kusogezwa kidogo kidogo una kitu chake kinachohifadhiwa. Sheria zikiwa zile zile Embu na Meru, momenta inahifadhiwa. Zikiwa zile zile uangalie kaskazini au mashariki, momenta ya mzunguko inahifadhiwa. Kabla yake, kanuni hizi zilikuwa zimejulikana moja moja, kama majirani wasiojua kuwa ni ndugu. Yeye ndiye aliyewaonyesha baba yao. Na lile tatizo la nishati ya Einstein, karatasi hiyo hiyo ilieleza kwa nini lilikuwa gumu vile.

Einstein alipoisoma kazi yake alivutiwa mno, na akawaandikia wakubwa wa Göttingen kumtetea. Vita vilipoisha na Ujerumani ikawa jamhuri, wanawake wakapata haki zaidi, na 1919 hatimaye akapewa idhini ya kufundisha kwa jina lake mwenyewe. Mnamo 1922 akapewa cheo cha profesa kisicho na mshahara. Malipo ya kwanza, tena kidogo, yalikuja 1923, mwaka ule ule ambao pesa za Ujerumani zilishuka thamani hadi watu wakabeba noti kwa vikapu kununulia mkate. Kutoka 1908 hadi 1923 ni miaka 15.

Miaka iliyofuata ndiyo aliyoifurahia zaidi. Aliachana na fizikia na kuigeuza aljebra juu chini. Badala ya kukokotoa, alitaka kuona mifupa ya jambo: ni sifa gani chache zinazotosha ili mengine yote yafuate? Vijana walitoka Uholanzi, Urusi, Uchina na Japani kuja kumsikiliza. Hakuwa mwalimu mtulivu. Aliongea kwa kasi, aliruka hatua, nywele zikamtoka kwenye vibanio akiwa katikati ya hoja. Asiyemzoea alipotea. Waliomzoea wakawa kama familia, wakitembea naye porini wakibishana hesabu. Mawazo aliyagawa kama mtu anayegawa ndizi za shambani, mwingine akiyachapisha kwa jina lake haoni shida. Mwaka wa 1932 alihutubia kongamano la dunia la wanahisabati mjini Zurich, mwanamke wa kwanza kupewa hotuba kuu pale.

Miezi michache baadaye Hitler akashika serikali. Aprili 1933, sheria mpya ilipowafukuza Wayahudi kwenye kazi za umma, Noether alikuwa miongoni mwa wa kwanza kusimamishwa Göttingen. Aliendelea kufunza nyumbani kwake. Mwanafunzi mmoja alikuwa akija amevaa sare ya kahawia ya kundi la Wanazi, na yeye akamfunza vile vile, bila kujali. Ndugu yake Fritz, naye mwanahisabati, alikimbilia Muungano wa Sovieti akapata kazi Tomsk. Huko alikamatwa 1937 kwa mashtaka ya uongo na kuuawa 1941.

Emmy alivuka bahari mwishoni mwa 1933 kwenda Bryn Mawr, chuo cha wanawake huko Pennsylvania, Marekani. Kwa mara ya kwanza alikuwa na wanawake wenzake wa hesabu pembeni. Kila wiki alipanda treni kwenda Princeton kutoa mihadhara katika taasisi alikokuwa Einstein. Aprili 10, 1935 alifanyiwa upasuaji wa uvimbe tumboni. Alionekana kupata nafuu, kisha ghafla homa ikapanda. Alifariki Aprili 14. Alikuwa na miaka 53. Einstein aliandika barua kwa gazeti la New York Times kumwomboleza, maana ulimwengu wa nje haukujua ni nani aliyekufa. Majivu yake yalizikwa chini ya njia inayozunguka ua wa maktaba ya Bryn Mawr.

Mei 15, 1935, mwezi mmoja na siku moja baada ya kifo hicho, jarida la fizikia la Marekani lilichapisha karatasi ya Einstein na wenzake wawili, Boris Podolsky na Nathan Rosen, wote wa Princeton. Ilieleza tabia ya ajabu ya chembe mbili zilizowahi kukutana: ukiipima moja, ni kana kwamba mwenzake aliye mbali amepimwa pia. Mwaka huo huo Erwin Schrödinger akaipa tabia hiyo jina, ambalo tunaweza kulitafsiri kuwa ufungamano. Noether hakuhusika hata kidogo na karatasi ile, tusimpe sifa zisizo zake. Lakini kazi ya kuunasa ufungamano huo imegeuka kuwa kazi ya kutafuta kisichobadilika, na hapo ni nyumbani kwake.

Hebu tuelewane kwanza ufungamano si nini. Mchuuzi wa soko la Gakoromone, Meru, ana jozi ya akala. Anafunga kiatu kimoja ndani ya mfuko bila kuangalia, anautuma Embu kwa matatu. Aliye Embu akifungua na kukuta cha kushoto, anajua papo hapo kilichobaki Meru ni cha kulia. Hakuna uchawi. Wengi wanaoeleza ufungamano mitandaoni wanaishia hapo, na ndiyo maana wasikilizaji wanaondoka wakijiuliza makelele yote ni ya nini.

Chembe ina maswali zaidi ya moja. Unaweza kuiuliza swali la juu na chini, au la kushoto na kulia, au la mbele na nyuma. Kwa kila swali inajibu mojawapo ya majibu mawili. Sasa chukua jozi nyingi za chembe, uulize kila jozi swali lile lile pande zote mbili, kisha uwape alama hivi: sehemu ya majibu yanayopingana, toa sehemu ya yanayokubaliana. Yakipingana kila mara, alama ni 1. Yakiwa nusu kwa nusu, alama ni 0.

Chembe zilizotayarishwa kama akala zitapata 1 kwenye swali lao la kushoto na kulia. Kwa maswali yale mengine mawili zitabahatisha tu kama sarafu inayorushwa, zipate 0 na 0. Jumla, 1. Na hesabu za kwanta zinathibitisha kwamba chembe zisizofungamana, uzitayarishe kwa ujanja wowote, haziwezi kuipita jumla hiyo ya 1. Lakini kuna jozi zilizofungamana ambazo hupingana kwa swali lolote utakalouliza. Hizo zinapata 1 na 1 na 1. Jumla, 3. Hapo ndipo akala zinaachwa nyuma.

Kwa hivyo ukitaka kujua kama jozi zako zimefungamana, pima maswali matatu, jumlisha, angalia kama umepita 1. Hilo tayari ni nafuu, maana kuieleza hali ya jozi moja kikamilifu kunahitaji namba 15.

Ulinganifu unaipunguza kazi zaidi. Tuseme unajua kwamba mtambo wako unatoa jozi zisizopendelea upande wowote, kama ile sufuria. Basi alama za maswali yote matatu lazima zilingane. Jumla ikipita 1, kila alama imepita theluthi moja. Huna haja ya kuuliza matatu. Uliza moja. Alama ya theluthi moja maana yake ni majibu kupingana mara 200 kati ya 300. Zikipingana wazi zaidi ya hapo, zimefungamana. Mjerumani Reinhard Werner alichunguza jozi za aina hii 1989, na hadi leo zinaitwa kwa jina lake.

Na je, mtambo ukiwa na upendeleo? Basi unaunyang'anya. Kabla ya kuuliza swali, zizungushe chembe zote mbili mzunguko ule ule, uliochaguliwa kwa bahati nasibu, na ubadilishe mzunguko kwa kila jozi. Alama za swali moja moja zitachanganyika na kuwa sawa, lakini ile jumla ya matatu haitikisiki. Ndiyo kisichobadilika. Mbinu hiyo ya kugeuza kitu kila namna na kuchukua wastani ili kibaki kile tu kisichogeuka ndiyo Noether aliyoitumia 1916 kuthibitisha kwamba visivyobadilika vya kundi lolote lenye migeuzo ya idadi maalumu vinaweza kujengwa kutoka vichache, na akaonyesha mahali pa kukomea kuvitafuta.

Onyo moja tu kabla hujakimbia nalo. Jumla ikikosa kupita 1, usitangaze kwamba hakuna ufungamano. Kuna jozi zilizofungamana ambazo hukubaliana pale hizi zinapopingana, na kipimo hiki kitazipita bila kuziona. Kipimo kikisema ndiyo, amini. Kikikaa kimya, tafuta kingine.

Kwa chembe mbili unaweza kusema umeokoa kazi ndogo tu. Ongeza chembe. Kuzichunguza chembe kumi kwa njia ya kawaida, kila moja ikiulizwa mojawapo ya maswali matatu, kunataka mipangilio 3 kwa kipeo cha 10, yaani 59,049, na kila mpangilio urudiwe mara nyingi. Zikiongezwa kidogo tu, maabara yoyote inashindwa. Mnamo 2010 watafiti wa Ulaya walionyesha kwamba ukizingatia tu ile sehemu ya hali isiyobadilika chembe zikibadilishana nafasi, mipangilio inayohitajika kwa chembe kumi ni 66. Kwa chembe nne, ambazo walizijaribu kweli kwa mwanga, ni 15 badala ya 81.

Si kazi ya maabara za Ulaya peke yake. Tangu 2016 kampuni ya IBM imeruhusu mtu yeyote mwenye intaneti kujaribu baadhi ya kompyuta zake za kwanta. Mwanafunzi wa University of Embu, au wa Meru University of Science and Technology kule Nchiru, anaweza kutayarisha jozi kutoka saiba, aulize maswali matatu, ajumlishe. Hata bila kompyuta hiyo, mfano wa sarafu na akala unakokotoleka kwa kalamu.

Na kuna jina la kwetu katika hadithi hii. Erasto Mpemba alikuwa mvulana wa shule ya Magamba, Lushoto, Tanzania, alipoona 1963 kwamba maziwa yake ya aiskrimu yaliyowekwa barafuni yakiwa moto yaliganda kabla ya yale yaliyopoa. Alichekwa darasani. Hakuacha kuuliza, na 1969 yeye na Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam wakachapisha karatasi kuhusu jambo hilo. Mnamo 2023 wanafizikia watatu wa Trieste, Italia, walitunga kipimo wanachokiita asimetria ya ufungamano: kinaonyesha ni kiasi gani sehemu ya mfumo wa kwanta imevunja ulinganifu wake. Walipokitumia waligundua kitu cha kushangaza. Wakati mwingine mfumo ulioanza na ulinganifu uliovunjika zaidi ndio unaourudisha haraka zaidi, kama maji ya moto yanayowahi kuganda. Wakauita kwa jina la Mpemba.

Mwaka uliofuata jambo hilo lilionekana kwa macho ya maabara, Innsbruck, Austria, katika mstari wa ioni 12. Noether alikufa miaka 15 kabla Mpemba hajazaliwa. Siku hizi kuna karatasi za fizikia ambamo ukurasa mmoja unauzungumzia ulinganifu ambao yeye alionyesha unalinda nini, na ukurasa unaofuata umebeba jina la yule mvulana wa Lushoto.